Kukaza nyonga bila kuachia ni kazi nusu

Mhariri,

Assalaam alaykum. Wanaume wanaowahi kumaliza tendo la ndoa siku hizi wanahimizwa kila pahala wakaze misuli ya nyonga. Ushauri ni mzuri, ila unatolewa nusu, na nusu inayoachwa ndiyo inayowaponza wengi.

Misuli yenyewe imetandaa chini ya nyonga, kutoka mfupa wa kinena hadi kifandugu. Vuta kama unayezuia ushuzi na kukata mkojo kwa pamoja: shina la uume litaingia ndani kidogo na korodani zitapanda. Makalio yakikaza, au pumzi ikiziba, unafanyisha kazi misuli mingine. Kukata mkojo kwelikweli iwe mara moja tu, ili kuitambua misuli; ukiufanya mtindo, kibofu huzoea kubakisha mkojo.

Anza umelala chali, magoti juu. Kaza sekunde 3 hadi 5, kisha achia sekunde 10 kamili. Rudia mara 10, kutwa mara 3. Ukishazoea, fanya umekaa, halafu umesimama.

Hizo sekunde za kuachia ndizo watu wanazoziruka. Vuta pumzi tumbo lijae, usikie msamba unashuka. Mwenye maumivu ya msamba, mkojo wa kusitasita au maumivu baada ya kutoa manii, huenda misuli yake imekwisha kakamaa. Huyo kukaza humzidishia. Aanze kwa kuachia tu, na amuone daktari. Na kitandani, anayefanya zoezi la kukaza ajizuie mapema: akishavuka ukomo, hapana mkazo utakaoyarudisha manii.

Utafiti wa Italia uliochapishwa 2014 ulifuata wanaume 40 kwa wiki 12, na 33 walipata kujidhibiti. Lakini walikwenda kliniki mara 3 kwa wiki, wakasaidiwa na mashine za umeme mdogo na za kuonyesha mkazo wa misuli. Anayekata tamaa wiki ya pili hajaanza bado.

Unga usio na jina unaouzwa mitaani kama tiba ya tatizo hili tunausihi uachwe. Bidhaa za aina hiyo zimewahi kukutwa na sildenafil iliyofichwa, dawa ya kusimamisha uume, na ni hatari kwa anayetumia dawa za moyo za naitreti.

Tunaiomba Wizara ya Afya, vitengo vya mazoezi ya viungo Unguja na Pemba vitenge saa ya wanaume, kwenye chumba chenye mlango unaofungwa.

Wataalamu wa mazoezi ya viungo,
Unguja