Idi njema kwenu nyote, na salamu zangu kwa wanaouguza

Assalaam alaykum, wasomaji wangu, ndugu na majirani wa Wete, Chake, Mkoani na Micheweni, pamoja na nyinyi mlioko Unguja, Bara, Mombasa na Oman. Idi Mubarak. Mwezi umeandama, redio imeshatangaza, na hapa mtaani takbira zinatoka misikiti yote kwa wakati mmoja hata hujui uitikie upi. Mwenyezi Mungu atutakabalie saumu zetu, sala zetu na visomo vyetu. Awarehemu wale tuliofunga nao mwaka jana na mwaka huu hawakuifikia Ramadhani, na atujaalie kuifikia nyengine tukiwa wazima.

Salamu hizi ni za kila mtu, lakini mwaka huu nina watu ninaowakusudia khasa. Nawakusudia ambao kesho hawatatoka. Kila mtaa una nyumba yake moja ambayo siku ya Idi mlango wake hurudishwa mapema: mna mzee aliyepooza, au mtoto wa sikoseli, au mke aliyetoka hospitali juzi na hawezi kuachwa peke yake. Watu hupita na nguo zao mpya, hutoa salamu dirishani, kisha huyo, safari ya viwanja vya Tibirinzi na watoto. Anayeuguza hubaki ndani. Mwaka huu mimi nami nimo katika hao, ijapokuwa mgonjwa wangu ni paka. Najua wako watakaoguna. Nawaomba wanisikilize kwanza.

Kaniki aliletwa nyumbani na marehemu baba kutoka gatini hapa Wete, kitoto cheusi tititi kilichokuwa kikilia chini ya magunia. Mimi nilikuwa bado skuli. Leo nina wapwa walio skuli. Mwishoni mwa mwaka jana akaanza kunywa maji kupita kiasi. Kibakuli chake akikimaliza huja kwenye ndoo ya udhu, akasimama kwa miguu ya nyuma akanywa humo. Mchanga wake ukawa unalowa kila nikigeuka, mgongo ukabaki mifupa, na mdomo ukaanza kunuka harufu ya ukali. Nikamwita daktari wa mifugo, ambaye kazi yake ya kila siku ni ng'ombe na mbuzi. Alikuja na pikipiki, akavua viatu mlangoni, akamkagua Kaniki kwa taratibu ile ile ambayo ningependa nikaguliwe mimi. Akasema ni figo.

Alinieleza, nami nawaeleza kwa sababu wengi wetu tunafuga na hatuyajui haya. Maradhi ya figo ni ya kawaida mno kwa paka wazee. Figo huchoka kidogo kidogo, na paka haonyeshi dalili mpaka zimeshapoteza zaidi ya theluthi mbili ya nguvu zake. Hapo tena mkojo unakuwa maji matupu, kwa kuwa figo haziwezi kuyazuia, na yeye anakunywa ili kufidia yanayomtoka. Hakuna dawa ya kuzirudisha. Kinachowezekana ni kumpa maji, kumpa chakula laini kisicho na chumvi, na kumwondolea kichefuchefu. Ng'onda, yaani samaki mkavu, ambaye alimpenda kuliko chochote, amekwisha kwake. Sasa anakula changu wa kuchemsha, nimemchambua miba kwa vidole.

Maji anapewa kwa dripu, yale yale wanayotundikiwa watu, lakini hayapiti kwenye mshipa. Mfuko nauchovya kwanza kwenye beseni la maji ya uvuguvugu ili yasimwingie baridi, kisha nautundika kwenye msumari wa chandarua. Ngozi ya paka baina ya mabega imelegea. Unaivuta juu kwa vidole viwili, unaingiza sindano chini yake, unafungua. Yeye analala mapajani. Mililita 100 zinapoingia kinatokea kinundu laini kama andazi, kinateremka pole pole upande wa mkono mmoja, na baada ya saa chache hukioni tena, mwili umeshayanywa. Mara ya mwanzo daktari alinishika mkono. Siku hizi nafanya peke yangu, na Kaniki anapousikia mfuko ukigonga beseni huja mwenyewe.

Kwa kuwa ni Idi, na kesho kila nyumba mna pilau, niseme hili wazi. Msimpe paka pilau wala makombo ya mchuzi. Kitunguu maji na kitunguu thomu huharibu chembe nyekundu za damu ya paka, kibichi au kilichopikwa, na pilau yetu imejaa vyote viwili. Mfupa wa kuku uliopikwa hupasuka vijiti vikamchoma tumboni. Mwenye huruma amtengee kipande cha nyama kabla hakijatiwa viungo. Na wale ambao paka wao amelegea msimpe parasetamoli. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua, kwa sababu ini lake halina uwezo wa kuivunja dawa hiyo. Jirani yangu mmoja, mama ninayemheshimu sana, aliniletea kichupa cha mafuta ya makonyo nimchue Kaniki mgongo. Sisi Wapemba karafuu ndiyo dawa yetu ya jino, ya tumbo na ya mifupa, na alikileta kwa mapenzi. Nilikipokea, nikamshukuru, nikakiweka kabatini. Paka hujiramba, na mafuta ya karafuu kwake ni sumu.

Sasa nirudi kwa wanaoguna. Iko hadithi ya Abu Qatada, sahaba wa Mtume (S.A.W.), ambayo masheikh wetu huisoma wanapofundisha twahara. Mke wa mwanawe alimmiminia maji ya udhu, akaja paka kutaka kunywa, naye Abu Qatada akakiinamisha chombo mpaka paka akanywa. Alipoona mkazamwana wake anamtazama kwa mshangao, akamweleza kwamba Mtume amesema paka si najisi, ni katika wale wanaotuzunguka majumbani mwetu. Kwa hiyo Kaniki anaponywa kwenye ndoo yangu ya udhu simfukuzi. Nainamisha ndoo.

Ramadhani hii nimesoma zaidi kuliko zote nilizojaaliwa. Baada ya tarawehe nyumba inatulia, Kaniki yuko mapajani na sindano yake, mkono mmoja umemshika yeye na mmoja uko huru. Lakini si kila kitabu kinasomeka hivyo. Hadithi za Bwana Msa, yule mpelelezi, nilizikwepa, na nazipenda mno, kwa sababu ukishaanza kumfuatilia muuaji huwezi kuweka kitabu chini paka akitaka kutapika. Kilichonifaa ni mashairi. Nilikuwa na Kale ya Washairi wa Pemba, mkusanyiko wa tungo za Kamange na Sarahani bin Matwari uliohaririwa na Abdilatif Abdalla. Wote wawili ni wa kisiwa hiki. Kamange amefariki 1910, Sarahani 1926, na bado ukisoma ubeti mmoja tu usiku unakutosha. Unaufumba na kitabu, unabaki nao mpaka daku. Anayeuguza namshauri mashairi kabla ya kitu chengine chochote. Hayadai usiku mzima.

Na huyo Kamange alitunga mapenzi. Nalisema hili kwa sababu mwezi mzima nimekuwa nikiulizwa, tena na watu wema, vipi naweza kuandika hadithi za mapenzi, na khasa vipi naweza kuziandika Ramadhani. Mchana wa saumu sikuandika. Nilisoma Qur-ani na kulala kidogo. Usiku niliandika, na sioni haya. Mwenyezi Mungu mwenyewe ametwambia kwamba ametia baina ya mume na mke mapenzi na huruma. Hadithi inayoyachunguza mapenzi hayo kwa stara haimpotezi mtu.

Wanaosema riwaya za mapenzi ni upuuzi hawajazisoma za kwao. Mohamed Suleiman Mohamed alituandikia Kiu mwaka 1972: Bahati anampenda kijana anayeitwa Idi, naye Idi macho yake yako kwenye mali ya Mwinyi. Humo mna fedha, mna uongo, mna jinsi mtu anavyopendwa ili atumiwe. Adam Shafi katika Vuta N'kuvute, mwaka 1999, alimchukua Yasmin, msichana aliyeozwa mtu mzima asiyemtaka, akampeleka mpaka kwa Denge, na kupitia mapenzi yao tukaiona Zanzibar nzima ya wakoloni, nani alikaa na nani, nani hakuruhusiwa kumpenda nani. Nani atasema huo ni upuuzi? Mimi sijifananishi na hao. Nasema tu kwamba njia ninayopita walishaipita wakubwa.

Hadithi yangu ya sasa, ambayo wengi wenu mnaisoma sura kwa sura, ni ya msichana wa Wete anayeshona kofia za viua na kijana wa Kojani anayekwenda dago, kambi ya wavuvi ya mbali na kwao. Mlinidai harusi, nikakupeni harusi, na mapambo, na nyimbo zote. Baada ya hapo wengi mkauliza imebaki nini cha kusimulia. Imebaki nusu nzima ya hadithi! Hii ndiyo nusu ninayoitaka mimi. Sura nilizoandika mwezi huu, macho ya yule mke yameanza kuingia ukungu. Kofia anaweza kuishona kwa kupapasa, vidole vyake vinaijua, lakini uzi haupiti tena kwenye tundu la sindano. Mume hasemi kitu. Alfajiri kabla hajatoka kwenda pwani anakaa karibu na taa, na mikono yake iliyochanwa na nyuzi za kuvulia, anatunga sindano moja baada ya nyengine na kuzichomeka kwa safu kwenye pazia, za kutosha mpaka atakaporudi. Zamani ningempa maneno mengi ya kumwambia mkewe. Nimeyafuta yote. Sindano zile niliziona usiku mmoja nikiwa nahesabu matone ya dripu, na tangu hapo hadithi inakwenda.

Haya, na kesho. Kaskazi imeshalegea, mawingu ya masika yanajikusanya upande wa bahari, na nimeshavitoa vitabu vyangu rafu ya chini kabla ukungu haujavila. Zaka ya Fitri tumeitoa. Boko boko liko motoni, shangazi ndiye mwenye mwiko mwaka huu. Wapwa zangu wametiwa hina, wamelala na mikono wameinyoosha juu ya mito. Nitakwenda kusali, nitarudi, nitamtundikia Kaniki maji yake, na atakayekuja atanikuta. Watoto mlango uko wazi, mkono wa Idi upo, na vileja vipo. Atakayetaka kumpapasa Kaniki ampapase kichwani tu, mgongo unamuuma.

Kwa nyinyi mtakaotoka nina ombi moja. Ile nyumba ya mtaani kwenu yenye mgonjwa, msiishie dirishani. Ingieni. Msiulize mnaweza kusaidia nini, kwa kuwa anayeuguza atajibu hakuna kitu, kila mara. Mwenye nguvu achote maji. Mwengine akae na mgonjwa nusu saa ili mwenyewe akaoge, avae nguo yake ya Idi na asali kwa utulivu. Sahani ya pilau mnayompelekea ipelekeni ya moto, na mkae mpaka aimalize, maana mkiondoka ataifunika na kuisahau.

Na wewe unayeuguza, ndugu yangu, popote ulipo: Idi yako imetimia sawa na ya aliyevaa kanzu mpya akapiga picha Forodhani. Ukilia kidogo kesho, ni sawa. Ukicheka na mgonjwa wako, ni sawa zaidi. Ukishindwa kufunga zile siku sita wiki hii kwa uchovu, Shawali ni ndefu na Mola wetu ni mpole.

Sura mpya nitakuleteeni wiki ya pili ya Shawali, inshallah. Shukrani kwa mliotuma dua, kwa dada wa Chake aliyenitafutia mifuko ya dripu, na kwa kijana wa boti aliyeileta bila ya kutaka nauli. Anayetoka Unguja baada ya Idi na ana nafasi kwenye begi, naomba anipigie kabla ya kupanda: kuna vitabu vyangu viwili vimekwama Darajani kwa binamu yangu, na mgonjwa wangu anataka kusomewa. Idi Mubarak, kullu aam wa antum bikheir.