Mbona kilo ya asali haijazi chupa ya lita?

Hapa dukani kwetu Kawangware hakuna lalama tunayoisikia kama hii: "Nimelipia kilo nzima, mbona chupa ya lita imebaki na nafasi?"

Asali ni nzito. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja hivi, lakini lita ya asali nzuri hufika karibu kilo 1.42. Kwa hiyo kilo moja ni kama mililita 700 tu. Mafuta ya kupikia ni kinyume: lita yake ina gramu 920 hivi, na anayeipima nyumbani hudhani amepunjwa gramu 80. Hajapunjwa.

Usituamini kwa maneno, pima mwenyewe. Unahitaji mizani ya jikoni ya dijitali na chupa ya jemu. Pima chupa ikiwa tupu, tuseme gramu 210. Ijaze maji hadi pomoni, ipanguse nje, pima tena: 710. Maji ni gramu 500, basi chupa inabeba mililita 500. (Kibandiko achana nacho, chupa ikijaa hadi mdomoni hubeba zaidi ya kilichoandikwa.) Mwaga maji, kausha kabisa, kisha jaza asali hadi pale pale. Mizani ikisoma 920, toa 210, ubaki na 710. Gawa kwa 500, unapata 1.42.

Kinachosumbua ni mapovu. Baridi ya Julai asali huwa nzito na hewa hunasa ndani, basi iache chupa kwenye maji ya uvuguvugu hadi mapovu yapande.

Ukipata 1.36 hivi, huenda asali imetiwa maji, kama sehemu moja kwa kumi. Ila shira nzito ya sukari itaipita mizani bila shida, kwa hiyo hesabu hii haithibitishi kwamba asali ni safi. Wala kuchovya njiti ya kiberiti kwenye asali na kuiwasha hakuthibitishi.

Maziwa usijisumbue nayo kwa njia hii. Ni karibu 1.03, na yakitiwa maji sehemu moja kwa kumi, chupa hiyo hupungua gramu moja na nusu tu. Hapo ni kazi ya laktomita, kile kifaa kinachoelea ndani ya maziwa kuonyesha kama yametiwa maji.

Sisi asali tunauza kwa kilo, mafuta kwa lita. Mizani iko kaunta, namba zikikutazama wewe. Njoo na chupa yako, iwe kavu.