Kwa mdogo wangu: wakikuambia jogoo hapandi mtungi

Mdogo wangu, marahaba.

Barua hii nimeiweka hadharani kwa kuwa najua wenye shida kama yako ni wengi. Jina lako halimo, na wa nyumbani hawatajua ni wewe.

Umesema washkaji wameshajua kwamba hakuna mtu, wa kike wala wa kiume, anayekuvuta kimwili, yaani wewe ni aseksuali, na tangu hapo maskani hapakaliki. Jibu langu ni fupi, mengine yote yatakuwa kulifafanua tu: acha kuwaomba wakuamini, anza kuwadai waache. Kuamini kwao kunaweza kuchukua miaka, au kusije kabisa. Lakini kuacha kukuita jina la kejeli, kuacha kugawa namba yako, kuacha kukutilia unga wa nguvu za kiume kwenye kinywaji, hayo mtu anaweza kuyafanya leo jioni hata kama bado anakuona kituko. Wengi wanakwama hapa: wanajitetea kama wako kizimbani, wanatoa ushahidi juu ya ushahidi, na kila ushahidi unazaa swali jipya.

Kabla hujafungua mdomo, tenganisha mambo ambayo kijiweni huchanganywa kuwa jambo moja. Mvuto ni kumtazama mtu fulani ukamtaka. Hamu ni mwili kuchemka bila kumlenga mtu. Nguvu ni damu kwenda inakotakiwa kwenda, kama inavyokwenda alfajiri ukiwa bado usingizini. Aseksuali hana hilo la kwanza, au linamjia kwa nadra sana. La pili wengine wanalo, wengine hawana. La tatu kwa kawaida liko salama. Mapenzi ya moyo nayo yana njia yake: wapo aseksuali wanaotaka mwenza na watoto, na wapo wasiotaka kabisa. Haya uyajue wewe. Usiwape washkaji hesabu ya lipi unalo na lipi huna, maana hiyo ndiyo itakayokuwa stori ya wiki nzima.

Ukishayatenganisha hivyo, utaona kwa nini tiba zao hazina maana. Watakupeleka kwenye supu ya pweza. Kunywa, ni tamu, lakini ni supu. Baadaye watakuja na mkuyati, kisha vumbi la Kongo, na hapo uwe makini. Unga na vidonge vinavyouzwa kwa jina la mitishamba ya nguvu za kiume vimekutwa katika nchi nyingi vimechanganywa kwa siri na sildenafil, ile dawa iliyomo kwenye Viagra, na kipimo chake hakuna anayekijua, hata muuzaji. Sildenafil hulegeza mishipa ili damu ipite. Haimfanyi mtu amtamani mtu. Tena bila msisimko yenyewe haifanyi kazi inavyotakiwa. Kwa hiyo hata ikiwa halisi, inatibu ugonjwa usiokuwa nao. Madhara yake unayapata vilevile: kichwa kuuma, mapigo kwenda mbio, presha kushuka. Anayetumia dawa za moyo za jamii ya naitreti akichanganya na hiyo, presha inaweza kuanguka hadi akafa. Na uume ukisimama zaidi ya saa 4 bila kushuka, hiyo ni dharura ya hospitali siku hiyohiyo, si jambo la kusubiri kesho kwa aibu.

Kwa sababu hiyo, ukiwa nao nunua chupa iliyofungwa, ifungue mwenyewe, na ukienda msalani usirudie iliyobaki. Sisemi marafiki zako ni wabaya. Nasema wapo wanaoona kumtilia mtu unga ni utani, na utani huo umeshapeleka watu wodini.

Kuna watakaosema ni jini mahaba. Wengine watasema umefungwa, twende kwa fundi wa uganga, au njoo kwenye mkesha uombewe. Hapa usishindane na imani ya mtu. Pokea dua, kataa safari. “Niombee huko uliko, mimi sitoki” ni sentensi kamili. Ukikubali safari moja kwa ajili ya amani, jua ya pili inakuja, kwa kuwa hali yako haitabadilika na fundi atasema jini ni sugu.

Akija mwenye kusema kwamba dini inamlazimisha kila mwanamume kuoa, hapo una la kumwambia. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, na ambaye Minhaj yake ni kitabu kikubwa cha madhehebu ya Shafii yanayofuatwa pwani yetu, alimtaja kabisa mtu asiye na haja ya ndoa. Kama hana uwezo wa gharama, kuoa kwake ni makuruhu, yaani si haramu lakini hakupendezi. Kama anao, si makuruhu, lakini kushughulika na ibada ni bora kwake. Kwa Wakristo, Mathayo 19:12 inataja waliozaliwa hivyo tangu tumboni mwa mama zao, na Paulo katika 1 Wakorintho 7 haoni aibu mtu kubaki peke yake. Haya maandiko hayazungumzii uaseksuali kama tunavyouelewa leo, usiyavute kupita kiasi. Kazi yake ni moja tu: kumnyamazisha anayedai kwamba mtu wa namna yako hajawahi kufikiriwa. Na yule wa “haya yameletwa na Wazungu wa mtandaoni” mkumbushe kwamba Nawawi hakuwa na intaneti.

Wa “kapime homoni” ndiye pekee mwenye nusu ya hoja, kwa hiyo mjibu kwa heshima. Swali la kujiuliza ni hili: nimekuwa hivi siku zote, au nimebadilika? Kama tangu balehe hukuwahi kuvutwa na mtu, na mwili wako ni mzima, huna cha kutibu. Mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Akili wa Marekani, toleo la tano la mwaka 2013, unasema wazi kwamba mtu anayejitambua kuwa aseksuali hapewi utambuzi wa ugonjwa wa kukosa hamu. Kama hamu ulikuwa nayo ikapotea, hapo nenda hospitali kweli. Sababu zinazotibika ni nyingi: sonona, dawa za sonona zenyewe kama fluoxetine na sertraline, kisukari, tezi ya shingo, homoni ya prolaktini kupanda, homoni ya testosteroni kushuka. Damu ya kupima testosteroni itolewe asubuhi, kwa kuwa mchana kiwango hushuka chenyewe, na majibu ya chini hurudiwa siku nyingine kabla ya kuanza dawa. Lakini usiende kupima ili kuwaridhisha washkaji. Majibu yakiwa mazuri watasema mashine mbovu.

Sasa mazungumzo yenyewe. Usizungumze na kundi zima. Mbele ya hadhira kila mtu anatafuta kicheko, hata yule anayekupenda. Chagua mmoja, na si lazima awe rafiki yako mkubwa. Chagua anayesikilizwa, ambaye akisema “oya, basi” wengine wanashusha sauti. Mpate mchana, hana bia, si siku ya Simba na Yanga. Mtembee au mkae ubavu kwa ubavu, maana wanaume wengi husema vizuri zaidi wasipotazamana. Dakika 10 zinatosha. Mwambie hivi au karibu na hivi:

“Lile jambo nililowaambia ni kweli, na sikuombi ulielewe. Naomba vitu viwili. Lile jina msiniite mbele za watu. Na namba yangu usimpe mtu bila kuniuliza.”

Kisha nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu kuliko yote, kwa kuwa kimya kitakutia kishawishi cha kujieleza, na ukianza kujieleza umerudi kizimbani. Mwache ajibu. Maombi yawe mawili, yasizidi. Ukitaja matano, atachagua lililo dhaifu alibishie, na manne yaliyobaki yatapotea.

Akiuliza ya chumbani, kama umeshawahi, kama unajichua, jibu ni “hiyo sijibu”, kwa sauti ileile uliyotumia kuomba chumvi. Usimrudishie swali. Maskani swali la kurudishiwa ni mwaliko wa mashindano, na wewe ndiye mwenye kidogo cha kuonyesha.

WhatsApp usiitumie kwa jambo hili. Ujumbe wa sauti wa dakika 3 uliourekodi usiku ukiwa na uchungu utafika kwa shemeji yako kabla hujaamka. Kama stori imeshaingia kwenye grupu, andika mara moja tu: “Mambo yangu siyajadili humu, mwenye swali anipigie.” Halafu zima arifa za grupu kwa wiki moja. Usijitoe siku hiyohiyo, maana kujitoa kwa hasira kunageuka mada nyingine.

Jina la kejeli litarudi, hata baada ya mazungumzo. Wapo watakaokuita si riziki, wapo wa roboti. Hilo la roboti lisikushangaze: watafiti MacInnis na Hodson wa Kanada walichapisha mwaka 2012 utafiti ulioonyesha kwamba watu huwaona aseksuali kama mashine zisizo na hisia, na papo hapo huwaona kama wanyama. Yaani tuhuma mbili zisizokaa chumba kimoja, zikibebwa na watu walewale. Usicheke nao. Ukicheka mara ya kwanza umesaini, jina limekuwa lako. Usigombe pia. Sema “nilishaomba hilo” na endelea na ulichokuwa ukisema. Mara ya pili, yaleyale kwa maneno yaleyale. Mara ya tatu nyanyuka, aga vizuri, nenda nyumbani. Kesho yake rudi kama kawaida. Mtu huacha mzaha pale anapouona unampotezea mwenza wa kahawa, si pale anaposhindwa hoja.

Atakayesema “kumbe wewe ni shoga” anahitaji tahadhari, kwa sababu hapa kwetu neno hilo linaweza kumpeleka mtu polisi au kumletea kipigo. Jibu mara moja, “sivutwi na mtu yeyote”, ukomee hapo. Usijisafishe kwa kuwatukana wengine. Hujui nani kwenye lile benchi anasikiliza huku amejificha. Wala usitafute binti wa kujifichia. Atakuwa amedhulumiwa yeye, na siku akijua atakuwa na haki ya kusema lolote.

Kuna kitu kimoja ambacho hakina mazungumzo: rafiki kukutafutia mwanamke kwa nguvu. Huanza kwa utani, “tutakulipia demu akutibu”, kisha siku moja unajikuta umeingizwa gesti na mlango umefungwa kwa nje. Hiyo ni shambulio, hata waliopanga wakiwa wanacheka. Ukisikia mpango huo usingoje siku yake: mwambie mtu mmoja nje ya kundi, na usiende sherehe ya mbali bila nauli yako mwenyewe ya kurudi. Ikitokea umelazimishwa, fika hospitali haraka iwezekanavyo na ndani ya saa 72, kwa kuwa dawa ya kinga ya VVU baada ya hapo haianzishwi. Humezwa siku 28 bila kuruka. Usioge kwanza, na nguo ulizovaa ziweke kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, maana plastiki hutunza unyevu na kuharibu ushahidi. Polisi omba Dawati la Jinsia na Watoto, na uchukue PF3, fomu ya polisi ya matibabu. Jina la dawati lisikuzuie, wanaume nao hupokelewa. Kwa walioko Kenya, 1195 ni namba ya bure ya ukatili wa kijinsia.

Nimalizie na ushauri wa upole kuliko wote, na ndio unaonitia hofu zaidi: “Oa tu, utazoea.” Watakaousema ni wale wanaokupenda. Waulize nani atalipa. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971, kifungu cha 39, inaruhusu mahakama kubatilisha ndoa ambayo tendo la ndoa halikufanyika kwa sababu mmoja amekataa kwa makusudi; Kenya nao, katika sheria yao ya 2014, ndoa isiyokamilishwa kwa tendo inaweza kubatilishwa. Mahari imeliwa, ukoo umekaa, na katikati yuko msichana anayejiuliza ana kasoro gani. Kama unataka mwenza, na inawezekana kabisa, mweleze yeye mwenyewe kabla ya barua ya posa kwenda kwao, kwa maneno wazi: kipi utaweza, kipi hutaweza, watoto unawataka au la. Muda wa kufikiri mpe yeye, si wajomba. Akikataa, mwombe akutunzie siri, na wewe umtunzie yake ya kukataa.

Na yule mshkaji mmoja uliyesema alikutumia meseji usiku, “pole mwanangu, sikujua”, usimjibu kwa somo refu. Mwandikie “poa, kesho kahawa?” na mkifika zungumzeni mpira.