Mzee wa kemo asilazwe kutwa nzima

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme na wanaouguza baba, babu na waume zao wenye saratani ya tezi dume iliyosambaa, hasa walioanza dripu ya dosetakseli, ambayo wengi huiita kemo tu. Malalamiko yanayojirudia kliniki ni uchovu, na nyumbani mzee huambiwa neno moja: lala. Kwa siku mbili tatu, sawa. Akilazwa wiki tatu mfululizo, misuli inayeyuka na uchovu unazidi.

Dripu hiyo kwa kawaida hutolewa kila baada ya siku 21, na uchovu wake una ratiba. Kabla ya dripu mgonjwa hupewa deksamethasoni kuzuia mzio na kuvimba mwili, kwa hiyo siku ya 1 na ya 2 anaweza kuchangamka, hata usingizi asiupate. Nguvu hizo ni za kuazima. Kati ya siku ya 3 na ya 5 anaporomoka: miguu mizito, viungo vinauma, chakula hakina ladha. Kuanzia siku ya 7 hivi chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na maambukizi, zinashuka kabisa, halafu wiki ya tatu anapata nafuu. Safari ya basi, kikao cha ukoo na wageni wengi vipangwe wiki hiyo ya tatu. Wala msishangae mzunguko wa 5 ukimlemea kuliko wa kwanza, hata kama dozi ni ileile. Uchovu huu hujilimbikiza.

Ila si kila uchovu ni wa dripu. Wengi wa wazee hawa wameshatolewa korodani au wanachomwa sindano ya kushusha homoni ya kiume. Homoni ikishuka, misuli na damu hupungua, na joto la ghafla usiku humkatizia usingizi. Ndiyo maana tunasisitiza kipimo cha himoglobini, yaani wingi wa damu, kila kabla ya dripu. Juisi ya rozela au bitiruti haina ubaya, lakini damu iliyopungua kwa sababu dawa au saratani imegusa uboho haipandi kwa juisi, wala kwa vidonge vya madini ya chuma kama chuma chenyewe hakijapungua. Himoglobini ikifika 7 au 8 na mzee anahema akienda chooni, hilo ni suala la daktari kuamua kama aongezwe damu.

Angalieni pia prednisoloni, vile vidonge vya miligramu 5 ambavyo wengi hupewa kumeza mara mbili kwa siku. Cha pili kikimezwa saa mbili usiku, mzee atakesha, kesho mtasema kemo imemchosha. Avimeze pamoja na chakula, cha kwanza asubuhi na cha pili mchana, kisipite saa kumi jioni. Na vidonge visikatike ghafla eti vimeisha. Mwili uliovizoea kwa miezi ukivikosa, presha hushuka na mtu hulegea vibaya.

Sasa mazoezi, ambayo ndiyo yenye ushahidi mkubwa kuliko dawa yoyote ya uchovu huu. Aanze kwa kutembea dakika 10 asubuhi kabla jua halijawa kali, aongeze dakika mbili tatu kila siku chache. Mwendo uwe ule ambao anaweza kuzungumza lakini hawezi kuimba. Siku ya 3 hadi ya 5 apunguze nusu, ila asiache kabisa.

Siku moja baada ya nyingine, afanye zoezi la kiti. Kiti kigumu kiegemezwe ukutani kisiteleze. Nyayo zote zikae chini, mikono akunje kifuani, ainuke kwa kuhesabu mbili na aketi polepole kwa kuhesabu nne. Mara 5, apumzike, mara 5 tena. Akizoea afike 10. Akishindwa, aanze kwa kujisukuma na mikono. Anayetumia choo cha kuchuchumaa ataona faida mapema, maana misuli ya paja ndiyo inayomwinua. Avae viatu vilivyofunga kisigino, si ndala, kwa sababu dosetakseli hutia ganzi nyayo na ganzi humwangusha mtu. Kama saratani imeingia kwenye mifupa, amuulize daktari kwanza, na hata akiruhusiwa asiinue ndoo ya maji wala kuinama na mzigo.

Mchana alale nusu saa, kabla ya saa tisa. Ale kidogo mara 5 au 6. Uji mtupu wa sembe haujengi misuli. Utiwe maziwa yaliyochemshwa au karanga za kusaga. Yai moja lina takriban gramu 6 za protini, kikombe cha maharage yaliyoiva gramu 15, na mwenye kilo 60 anahitaji kama gramu 70 kwa siku. Dawa za mitishamba ziwekwe kando, kwani baadhi hugongana na dosetakseli kwenye ini.

Mambo mawili hayasubiri kesho. Homa ya nyuzi 38 au zaidi isitulizwe kwa panado na dawa mseto nyumbani kwa kudhania malaria. Malaria itapimwa hospitalini, pamoja na chembe nyeupe, maana bila chembe hizo maambukizi yanaweza kuua kwa saa chache. La pili ni miguu kuishiwa nguvu ghafla, pamoja na maumivu ya mgongo au mkojo kugoma. Huo si uchovu. Ni uti wa mgongo unabanwa, na kuchelewa kunaweza kumwacha mzee hatembei tena.

Kwa wenzetu wa kliniki: mwulizeni mgonjwa uchovu wake ni ngapi kati ya 0 na 10, kama mnavyouliza maumivu, na muandike kwenye faili. Kuanzia 4 chanzo kitafutwe: damu, sukari iliyopandishwa na prednisoloni, usingizi, sonona. Wazee wengi hunyamaza wakihofia kukatiziwa matibabu, ilhali daktari anaweza kushusha dozi kutoka miligramu 75 hadi 60 kwa kila mita ya mraba ya mwili na dripu zikaendelea.

Wauguzi wa wagonjwa wa saratani,
Mwanza