Kabla hamjarudi chuoni: barua ya wazi kwa vijana wa Tabora mnaosomea ubunifu majengo

Wanangu, mwangaluka.

Wiki iliyopita mlikuja kwangu wanne, na laptopu mbili na mirija ya karatasi, mkaniomba nizitazame kazi zenu kabla chuo hakijafunguliwa. Nilizitazama, tukanywa chai, nikasema machache, mkaaga. Usiku ule usingizi ulinikataa. Kuna mambo niliyameza kwa kuogopa kuwavunja moyo, na sasa nayaandika hadharani kwa sababu hamko peke yenu. Wapo watoto wengine wa Tabora walioko Chuo Kikuu Ardhi, wapo walioko Mbeya kwenye Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, na wapo waliomaliza kidato cha sita ambao wazazi wao wananiuliza kila siku kama ubunifu majengo ni kazi ya kumtoa mtoto. Ndiyo, ni kazi ya kumtoa mtoto. Lakini nisikilizeni kwanza.

Kwa wasionijua: nimezaliwa hapahapa, baba yangu alikuwa mtu wa reli, na mimi nilipanda treni kwenda Dar es Salaam miaka ya 1980, wakati pale mnaposoma pakiitwa Chuo cha Ardhi. Mwaka 1996 kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, watu wakakizoea kwa jina la UCLAS, na mwaka 2007 kikawa chuo kikuu kinachojitegemea. Sisi tulichora kwa kalamu za wino juu ya karatasi ya kuonyesha, ile unayoona mpaka upande wa pili. Ukikosea mstari, unachukua wembe mpya, unakwangua pole pole mpaka wino utoke bila kutoboa karatasi. Kosa moja lilikugharimu robo saa, kwa hiyo ulifikiri kabla ya kushusha kalamu. Siwaombi mrudi kwenye wembe. Naomba ile robo saa ya kufikiri msiipoteze.

Sasa kazi zenu. Mlileta kazi nne, lakini nyumba ilikuwa moja. Paa limefichwa nyuma ya ukuta. Kioo kimeanzia kwenye jamvi la sakafu kikaenda mpaka kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha. Korido nyembamba, jiko dogo la ndani lenye kaunta, na mbele gari jeupe ambalo kompyuta imeliweka yenyewe. Nikauliza, "Nyumba hii iko wapi?" Mmoja wenu akanijibu kwa adabu kabisa, "Mama, inafaa kiwanja chochote."

Jibu hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Tuanze na jua, maana tuko Oktoba na nyote mlikuwa mnajipepea. Tabora iko kama nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Mwanzoni mwa mwezi huu jua linapita juu ya utosi wetu kabisa, mvua bado, ardhi imekauka. Halafu kuna jambo ambalo walimu wa pwani wanaweza wasiwaambie, kwa kuwa kwao halionekani sana. Saa ya nchi yetu imepangwa kwa mstari wa longitudo wa nyuzi 45 mashariki, ambao uko huko baharini. Sisi tuko karibu nyuzi 33. Kwa hiyo jua la utosini huku kwetu linafika baada ya saa sita na nusu, na jioni linachelewa kuzama kwa kama nusu saa kuliko Dar es Salaam. Maana yake ni kwamba saa kumi, mtoto anaporudi shule na mama anapotaka kujinyoosha kidogo, jua la Tabora bado lina nguvu na limeshashuka kiasi cha kuingia moja kwa moja kwenye dirisha la magharibi. Paa hata likitoka nje ya ukuta kwa mita moja halilizuii. Upande wa kaskazini na wa kusini, mita hiyohiyo moja inatupa kivuli cha karibu mita mbili mchana, na ukuta unapumua. Ndiyo sababu nawaambia mlaze nyumba, pande ndefu zitazame kaskazini na kusini, na huku magharibi wekeni stoo, choo, au ukuta mtupu.

Nilijifunza hili kwa aibu. Mwaka wangu wa tatu kazini nilichora nyumba za walimu katika wilaya moja ya mkoa huu. Kiwanja kilikuwa na mandhari nzuri upande wa magharibi, bonde la mpunga na nyuma yake miombo, nami nikaweka madirisha mapana kuelekea huko. Kwenye karatasi yalipendeza sana. Nikarudi baada ya miaka sita kwa shughuli nyingine, nikapita kusalimia. Dirisha langu la chumba cha watoto lilikuwa limezibwa kwa matofali ya kuchoma, safu kwa safu, bila plasta, na juu kabisa limeachwa tundu la tofali moja. Mke wa mwalimu akaniambia, "Hilo tuliliziba, dada. Kuanzia saa tisa humo hamkaliki, mtoto akawa anatoka vipele vya joto." Hakujua kuwa mimi ndiye niliyelichora. Nilitaka kumwambia, mdomo ukawa mzito. Nikanywa maji aliyonipa, nikaaga.

Paa la kuficha nalo. Najua linapendwa, najua wateja wanalitaka, na mtachora mengi. Lakini lichoreni mkijua kinachotokea nyuma ya ule ukuta. Mji huu una miembe kila kona. Majani yanaanguka kwenye gata, yaani mfereji wa maji ya paa, iliyojificha, hakuna anayeyaona, Novemba mvua inakuja kwa kishindo, maji yanakosa njia na kurudi ndani kwenye dari. Ukipita mitaani baada ya mvua mbili tatu utaziona zile ramani za kahawia kwenye dari za jipsamu. Mteja akiling'ang'ania, basi mpe gata pana, mteremko wa kutosha, matundu ya kumwagia maji nje ya ukuta, na mahali pa kuegesha ngazi. Mwambie mapema kwamba kila mwaka kabla ya mvua mtu lazima apande kufagia.

Na kama kuna anayedhani nyumba ya nchi ya joto na mabati haiwezi kumpa mtu heshima duniani, asome habari za Francis Kéré wa Burkina Faso. Alizaliwa kijiji cha Gando, akajifunza useremala, akaenda Ujerumani, akasomea ubunifu majengo Berlin. Kabla hajamaliza chuo alikuwa anahangaika kuijengea Gando shule ya msingi, na ilikamilika mwaka 2001. Matofali ni ya udongo wa palepale uliochanganywa na saruji kidogo. Juu ya madarasa kuna dari ya matofali yenye upenyo, na mabati yameinuliwa juu zaidi kwa kenchi nyepesi za nondo, hewa ya moto inapanda na kutokea hapo katikati. Wanakijiji walishiriki kuijenga kwa mikono yao. Mwaka 2022 Kéré akapewa Tuzo ya Pritzker, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote katika fani yetu, Mwafrika wa kwanza kuipata. Alianza na swali la kijiji chake: watoto wanasomaje kwenye joto hili?

Sisi tulikuwa na Beda Amuli, aliyesomea Israeli akarudi nyumbani wakati nchi ilikuwa karibu haina mbunifu majengo Mwafrika. Soko la Kariakoo ni lake, la miaka ya 1970. Mkifika Dar es Salaam nendeni mkalisome, msipite tu kununua nguo. Tazameni ile miavuli ya zege iliyopanuka juu ya nguzo, namna inavyotoa kivuli kwa muuzaji na kuyapeleka maji ya mvua chini kwenye tangi.

Kwa hapa nyumbani darasa lenu liko Kwihara, nje kidogo ya mji. Nashangaa kwamba kati yenu wanne ni mmoja tu aliyewahi kufika, naye alipelekwa na shule ya msingi. Lile tembe, nyumba ya kale ya kuta nene za udongo, ndimo alimokaa Livingstone mwaka 1872, baada ya Stanley kumkuta Ujiji mwaka uliotangulia. Lililopo lilijengwa upya karne iliyopita kwa mfano wa lile la zamani, lakini somo limebaki. Ingieni saa nane mchana, wekeni kiganja kwenye ukuta wa udongo kwa ndani. Kisha rudini mjini mkaushike ukuta wa bloku za inchi tano za chumba chochote cha kupanga. Udongo mnene unalipokea joto la mchana na kulichelewesha masaa mengi, kiasi kwamba linapofika ndani ni usiku na hewa imeshapoa. Tazameni pia mlango wa nakshi na ule uwanja wa katikati. Chukueni vipimo, chukueni picha, chora kwa mkono. Sisemi mjenge matembe. Nasema mjue wazee walikuwa wanajibu swali gani.

Matofali ya kuchoma nitayagusa kwa ufupi. Kila tanuru mnaloliona linafuka moshi huko vijijini limekula miombo, na tumbaku nayo inataka kuni zake za kukaushia. Jifunzeni matofali ya kufungamana, yale ya udongo na saruji kidogo yanayoshindiliwa kwenye mashine bila kuchomwa. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umeyahimiza kwa miaka mingi. Mjadala wa bei tutaufanya siku nyingine.

Sasa nije kwenye korido, na hapa mnivumilie.

Nyumba ninayokaa nilimchorea mama yangu kwa pesa zangu za kwanza za kazi. Nilitaka awe na chumba kikubwa, kwa hiyo nikaibana korido mpaka sentimita 90, na mwisho wake ikakata kona kuingia chumbani kwake. Kwenye karatasi mtu anapita. Mama aliishi humo miaka kumi na tisa, akafia humo humo chumbani. Walimwosha, jeneza likaletwa kutoka msikitini, vijana wakalibeba kuingia nalo ndani. Halikukata kona. Wakajaribu mara ya kwanza, wakarudi nyuma, wakajaribu tena wakiwa wameliinamisha. Nilikuwa nimekaa na wanawake chumba cha pili, na nilisikia mbao inakwaruza plasta. Baadaye nikasikia sauti ya mjomba: "Taratibu. Acheni. Litoeni." Wakamfunika mama, wakambeba mikononi kwenye shuka mpaka sebuleni, mmoja mmoja wakipita kwa ubavu.

Mkwaruzo ule upo mpaka leo, kimo cha kiuno, kwenye kona. Nyumba imepakwa rangi mara tatu tangu siku hiyo na kila mara nimewaambia mafundi wauruke. Mlipita pale wiki iliyopita mkienda kunawa mikono.

Wanangu, katika nyumba zetu watu wanazaliwa, wanaugua, wanaozeshwa, wanafiwa. Siku ya msiba wanakuja watu mia. Turubai litafungwa wapi? Masufuria makubwa yatainjikwa wapi, na kina mama watakaa upande gani wa upepo ili moshi usiwaue? Hata siku ya kawaida, mama mwenye gesi ndani bado anataka mkaa nje kwa ajili ya maharage, na ukimchorea jiko la ndani peke yake utamkuta mvua inanyesha ameinama kwenye ngazi za mlango wa nyuma, kajifunika kanga kichwani, anapepea jiko. Mchoreeni banda. Ni mita mbili kwa tatu tu. Korido iwe sentimita 120 na zaidi kidogo penye kona. Haya hayamo kwenye picha mnazozitoa kwenye simu.

Chuoni mtakaa miaka mingi kuliko wenzenu wa fani nyingi, na mtatumia pesa nyingi kwa karatasi, kadibodi za modeli na kuprinti. Wazazi mtuelewe hapo, watoto hawawadanganyi. Mkimaliza bado mtafanya kazi chini ya wakubwa na kufanya mitihani kabla ya Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi kuwasajili. Kabla ya hapo msijiite wabunifu majengo, sheria ya mwaka 2010 ipo. Mwalimu akiichana kazi yako mbele ya wenzako, lia ukitaka, kisha andika alichosema. Na ninyi mabinti wawili, mkipelekwa saiti fundi akawaita "mdogo wangu", itikieni, kisha mwombeni awaonyeshe anavyoshika timazi. Fundi mwashi wa Ipuli amejenga nyumba nyingi kuliko maprofesa wenu wote, na ukimheshimu atakuambia kosa la ramani yako kabla zege halijamwagwa.

Jumamosi hii, kabla hamjasafiri, njooni nyumbani saa moja asubuhi, na mje na wenzenu. Kila mmoja alete futi ya mita tano, penseli na daftari lisilo na mistari. Laptopu ziacheni. Saa sita tutaondoka kwenda Kwihara, nimeshaongea na mwenye Noah. Ila asubuhi tutaanza hapa ndani. Nataka mpime korido ya mama, mpime na ile kona, kisha kila mmoja wenu anichoree upya.

Ni mimi mama yenu.