Watu wa kwanza wa Unguja walifika kwa miguu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo makala zetu za historia ya pwani huliacha nje karibu kila mara. Simulizi hizo huanza na majahazi, pepo za kaskazi na kusi na wafanyabiashara wa ng'ambo, kana kwamba kabla ya chombo cha kwanza kutia nanga Unguja ilikuwa pori lisilokanyagwa na mtu. Yaliyofukuliwa katika pango la Kuumbi, karibu na Jambiani, yanakataa hilo.

Wanaakiolojia waliochimba humo walikuta zana za mawe na mabaki ya wanyama walioliwa na watu tangu miaka 20,000 hivi iliyopita, wakiwemo nyati na pundamilia. Pundamilia, Unguja! Hakuna aliyewapakia chomboni, wala hatuwezi kudhani kwamba makundi yao yaliogelea zaidi ya kilomita 30 za bahari. Walifika wakitembea, na wawindaji wao vilevile.

Enzi hizo barafu nene iliyofunika kaskazini ya Amerika na ya Ulaya ilikuwa imeshika maji mengi mno, hata usawa wa bahari duniani ukawa chini ya huu wa leo kwa takriban mita 120. Mkondo wa Zanzibar, ambao sehemu kubwa kina chake hakifiki mita 60, ulikuwa nchi kavu. (Pemba ina habari yake: mkondo unaoitenga na bara una kina cha mamia ya mita, kwa hiyo yenyewe ilibaki kisiwa.) Barafu ilipoyeyuka bahari ilipanda, tena si kwa mwendo mmoja, kwani miaka 14,500 hivi iliyopita ilipanda zaidi ya mita 10 ndani ya karne chache tu. Hatimaye Unguja ikakatika na bara, na pundamilia waliobaki kisiwani wakatoweka.

Mimi naishi Bagamoyo. Wakati wa bamvua maji hukupwa mbali, ngalawa zikalala ubavu juu ya tope, na mtu akaenda kwa miguu mahali ambapo asubuhi palikuwa na mawimbi. Eneo lote hilo hufunuliwa na tofauti ya takriban mita 4 tu za maji. Naomba msomaji apige hesabu ya mita 120.

Ndiyo maana siafiki hoja kwamba ufuko wetu haukuwa na wakazi wa kale kwa sababu mabaki yao hayaonekani ufukweni. Ufuko walioukanyaga umo baharini. Yaliyosalimika ni yale ya mahali pa juu, kama pango la Panga ya Saidi huko Kilifi, alimozikwa mtoto mdogo miaka 78,000 iliyopita, akiwa amelazwa kwa ubavu na miguu imekunjwa.

Ombi langu ni kwamba kila inapochimbwa njia ya meli au kulazwa nyaya na mabomba katika mkondo huu, wanaakiolojia wawepo, na sampuli za udongo wa chini ya bahari zihifadhiwe na kuchunguzwa kabla ya tope hilo kwenda kumwagwa kusikojulikana.

Msomaji wako,
Bagamoyo