Haya siyo mawe tu, jamani

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako maana kuna kitu kinaniuma. Mlimani kwetu hapa Mwanza kuna jabali tumelipanda tangu tuko wadogo, juu yake limekalia jingine kama yai. Juzi narudi jioni nakuta moshi mweusi, vijana wamepanga matairi pembeni ya lile jabali wanalichoma lipasuke wapate mawe ya msingi na kokoto. Kuwauliza, mmoja akanijibu kwa heshima tu, "mama, si mawe tu haya".

Nikaokota kipande kilichobanduka. Ukikiangalia kwa karibu unaona chenga za madini, nyeupe ni felspa, nyingine kama kioo hiyo ni kwatzi, na vidoti vyeusi ni maika, vinavyometameta ukikigeuza kwenye jua. Chenga zile kuonekana kwa macho ndo ushahidi wenyewe, kwamba jiwe hili, granaiti, lilikuwa uji wa moto wa mawe yaliyoyeyuka na ulipoa taratibu sana. Wengi wanadhani mawe yetu yalirushwa na volkano, hapana, volkano ikimwaga uji juu unapoa haraka na chenga zinakuwa ndogo mno. Granaiti hii iligandia huko chini, kilomita kadhaa, halafu mvua na mito vikala ardhi ya juu miaka na miaka mpaka ikatokeza. Maji yakapita kwenye nyufa, kona zikaoza zikawa mchanga, katikati pakabaki mviringo, na ndivyo lile la juu lilivyokaa pale, hakuna jitu lililolipandisha.

Na umri wake sasa! Zaidi ya miaka bilioni 2.5. Kilimanjaro tunaojivunia haujafikisha hata milioni 3, na Ziwa Victoria lenyewe linakadiriwa laki 4 hivi, yaani ziwa limekuja juzi likakuta mawe yapo. Msingi huu wa kale, yaani bamba la miamba lenye mawe haya, ndo umebeba Mwanza, Shinyanga, Tabora, Singida mpaka Dodoma, ni mnene, umepoa na ni mgumu kiasi kwamba Bonde la Ufa halikuupasua katikati, likapita pembeni, mkono mmoja huku Ziwa Tanganyika mwingine kule Natron na Manyara. Almasi ya Mwadui nayo ilipandishwa na volkano ya zamani iliyotoboa msingi huuhuu, almasi hupenda sehemu zenye mzizi mrefu wa kale namna hii.

Siwalaumu wanaogonga kokoto, kuna kina mama pale wanasomesha watoto kwa nyundo, nawajua. Ila mawe ya kujengea yanaweza kutoka machimboni nje ya mji, siyo haya ya kileleni yaliyobebana, na hata nyumba zilizo chini yake wakiendelea kuchokonoa hivyo siku moja jiwe litashuka na watu. Ninachoomba viongozi wa mitaa wakae na wananchi wachague majabali ya kuachwa, yapigwe rangi alama, na walimu wapeleke watoto wakayashike kwa mikono, jiografia gani tunafundisha kwa picha ubaoni wakati jiwe lenyewe liko nyuma ya choo cha shule?

Lile yai bado liko juu, nimelipitia leo asubuhi. Upande mmoja ni mweusi tii, umetoa ufa, na matairi mawili wameyaacha palepale.

Mkazi wa Mwanza